Bwana ao bibi anakupeleleza wakati wa divorsi: maneno ya kartie na ukweli wa sheria

Huku Lubumbashi ukisema tu uko na kesi ya divorsi, kila mtu kwenye kartie anageuka avoka (wakili). Na uongo mwingi uko kwenye hii mambo ya bwana ao bibi kuchungulia telefone yako kimya kimya.

"Njo bibi yangu, telefone yake ni yangu pia." Hii ndiyo inaharibia watu wengi. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2006 kinampa kila mtu haki ya maisha yake ya faragha na siri ya mawasiliano, na haiguswi ila pale sheria yenyewe imeruhusu, sasa nionyeshe wapi wameandika kwamba aliyeoa ameruhusiwa. Mahari hainunui namba ya siri. Tena kuna ile sheria ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, ordonansi namba 23/010, inaadhibu mtu anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta bila haki ao kunasa mawasiliano ya mwenzake. Kusema "mimi njo nililipa ile telefone" hakukupi ruhusa ya kusoma anachoandikiana na avoka wake.

Wengine wanasema ukigundua unapelelezwa, futa kila kitu haraka. Hapana jamani! Mara nyingi hata si programu ya kijasusi ya bei kali: uko unaoga, mwenzako anachukua telefone dakika mbili, anaunganisha WhatsApp yako kwenye kompyuta ya kazini, basi kutoka siku ile anasoma yote akiwa anakunywa chai yake. Fungua mipangilio, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa (vinaweza kufika vinne), utaona jina la kifaa na saa kilitumika mwisho. Piga kwanza picha ya ile ukurasa na telefone ingine, tarehe ionekane, halafu sasa ndio uondoe kifaa. Ukianza na kufuta, utaenda mbele ya OPJ (afisa wa polisi anayechunguza makosa) na mikono mitupu, na yeye atasema umeota. Kisha badilisha namba ya siri ya imeili, maana akiwa na imeili atarudi kupitia dirisha.

"Akiwa na skrinshoti zangu, nimeshapoteza kesi." Wapi! Skrinshoti inaweza kupingwa: nani aliandika, imekatwa wapi, imepatikana namna gani. Na jije (hakimu) wa tribinali ya pe, ile mahakama inayosikiliza divorsi, anachotafuta kwenye divorsi ni kama ndoa imeharibika kabisa, kiasi hawa wawili hawawezi kuendelea kuishi pamoja. Lakini nisikudanganye, uzinzi bado ni kosa la jinai kwetu na mwenzako anaweza kupeleka malalamiko, kwa hiyo usipuuze, mwonyeshe avoka mapema.

Ile ya "na mimi nitapeleleza telefone yake" sina hata maneno mengi. Sheria ni ile ile, utakuwa umempa yeye bure sababu ya kukushtaki.

Kuna mama wengi bado wanaamini mwanamke hawezi kwenda kushtaki bila ruhusa ya bwana. Hiyo ruhusa ya bwana iliondolewa mwaka 2016, wakati Kodi ya familia ya 1987 (kitabu cha sheria za familia) ilirekebishwa. Unaenda mwenyewe kwa OPJ ao parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), na hayo malalamiko ni kesi yake kando, hayangoji divorsi iishe. Pia mwambie jije wa divorsi, maana kabla ya hukumu anaweza kutoa hatua za muda, mfano nani akae wapi na watoto wabaki na nani. Wazee wa familia wanaweza kukaa, kuongea, kukula mbuzi, lakini kuvunja ndoa ni kazi ya tribinali.

Na zile video za Marekani kuhusu kurekodi mwenzako tuache. Kule sheria ya shirikisho inakubali kurekodi maongezi kama wewe mwenyewe uko ndani yake, California inadai wote wakubali, na hata hivyo haihusu kabisa jije wa Kamalondo.

Jambo ingine, ukimtafuta avoka usipige na ile telefone unayoshuku. Azima ya dada yako.