Kwa nini maji maangavu ya mgodi wa makaa ya mawe ndiyo ya kuogopwa?

Mtu akiambiwa mgodi wa makaa ya mawe umeharibu mto, picha inayomjia ni maji meusi tii. Ana sababu: makaa ni meusi, vumbi lake ni jeusi, na mvua ikipiga marundo ya mgodini huusomba weusi huo hadi mtoni. Vumbi hilo ni kero kweli, maana hujaza mifereji na kufunika mayai ya samaki. Lakini hutua. Liache bwawani, baada ya muda litakuwa limekaa chini, na kaboni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya makaa, haiyeyuki. Kwa hiyo anayepima madhara ya mgodi kwa kutazama rangi anamhoji shahidi asiyejua mengi. Maji yaliyoharibika vibaya huweza kuwa maangavu hata ukaona kokoto chini: mwani ni haba, na alumini iliyotoka kwenye miamba hukusanya chembe za tope na kuzizamisha.

Mji wa Carolina, katika jimbo la Mpumalanga nchini Afrika Kusini, uliyaona hayo Januari 2012. Baada ya mvua kubwa, maji yenye tindikali kutoka eneo la migodi yaliingia katika bwawa la mji. Miezi ikapita maji ya bomba hayanyweki. Julai, mahakama kuu mjini Pretoria iliamuru wakazi wapelekewe maji salama ndani ya saa 72.

Mkosaji si kaboni. Ni pairaiti, muungano wa chuma na salfa unaong'aa manjano kiasi cha kuwahadaa watafuta dhahabu. Umo ndani ya makaa na katika miamba jirani, umetulia kwa mamilioni ya miaka kwa sababu hewa haikuufikia. Mgodi huvunja miamba, hewa na maji vikaingia, na matokeo yake ni asidi ya salfuriki na chuma kilichoyeyuka.

Chuma hicho ni kama shoka. Kikiwa kikali hupasua pairaiti nyingine, hata pasipo oksijeni, na kwa kupasua kinakuwa butu. Oksijeni hukinoa, ila katika maji yenye tindikali inanoa polepole mno, kazi ingelala. Mnoaji hodari ni bakteria aitwaye Acidithiobacillus ferrooxidans, ambaye hustawi penye tindikali na hupata nguvu za kuishi kutokana na kunoa huko. Anaweza kuiharakisha kazi hadi mara milioni moja. Kichekesho ni kwamba kila gogo linalopasuliwa hutoa shoka jipya.

Ndiyo maana kufunga mgodi hakumalizi neno. Mgodi ukifanya kazi, pampu huondoa maji. Pampu zikizimwa, maji hupanda, huosha chumvi zilizojikusanya kwenye kuta, kisha hutafuta pa kutokea. Karibu na eMalahleni, mji mwingine wa Mpumalanga, kuna mgodi ulioachwa mwaka 1953 ambao umeendelea kuvujisha tindikali kwa miongo. Mji huohuo, tangu 2007, una mtambo unaosafisha maji ya migodini hadi yakanywewa.

Wapimaji basi huangalia nini? Kiwango cha pH, yaani kipimo cha ukali wa tindikali, ndiyo, lakini nacho hudanganya: maji yakipita kwenye miamba ya chokaa, tindikali hutulizwa na pH huonekana nzuri. Salfeti, chumvi inayotokana na salfa ya pairaiti, kwa kawaida hubaki, na ndiyo alama ya kufuata. Sampuli zichukuliwe kabla mgodi haujafunguliwa, la sivyo hakuna cha kulinganisha nacho. Wala takwimu za Mpumalanga haziwezi kuhamishiwa kwenye makaa ya Ruvuma, Tanzania, hivihivi, kwa kuwa yote hutegemea pairaiti na chokaa iliyopo kwenye miamba ya mahali.

Mbali na mgodi, ushahidi hupungua nguvu. Mwaka 2008 mamba wengi walikufa katika mto Olifants, ndani ya hifadhi ya Kruger, mafuta ya miili yao yakiwa yamegeuka magumu na ya manjano. Mto huo hupitia ukanda wa makaa, na wengi walinyoosha kidole huko. Lakini kabla ya kufika Kruger hupokea pia maji taka ya miji na mbolea za mashamba, na ugonjwa wenyewe huhusishwa na kula samaki wenye mafuta yaliyochacha. Makaa ya mawe yamo kwenye orodha ya washukiwa, hayajatiwa hatiani.