Kudumisha uzito baada ya kupungua: maana yake, na kwa nini ni kazi nyingine kabisa

Kudumisha uzito ni kubaki karibu na uzito ulioufikia baada ya kupungua, kwa miezi na miaka. Kipimo ambacho watafiti wengi hukitumia ni hiki: mtu amefaulu akiwa amepunguza angalau asilimia 10 ya uzito wake wa mwanzo, na akakaa hivyo kwa mwaka mmoja au zaidi. Kupanda na kushuka kwa chini ya asilimia 3 huhesabiwa kuwa ni kutulia.

Hiyo asilimia 3 ishike vizuri. Kwa mtu wa kilo 76 ni kilo mbili na kidogo, juu au chini. Tuseme Ijumaa asubuhi mizani inasoma 75.8, halafu Jumatatu, baada ya siku mbili za chakula chenye chumvi na wanga mwingi, inasoma 77.3. Hayo si mafuta ya kilo moja na nusu. Misuli na ini huweka akiba ya wanga pamoja na maji, takriban gramu 3 za maji kwa kila gramu ya akiba hiyo, na chumvi nayo hushikilia maji mwilini. Ukirudia ulaji wako wa kawaida, baada ya siku chache maji hayo hutoka. Uzito unaolengwa ni eneo, si namba moja, na cha kufuatilia ni mwelekeo wa wiki kadhaa.

Wengi huchukulia siku ya kufikia lengo kuwa ndiyo siku ya kumaliza. Hapo ndipo kilo huanza kurudi, na sababu yake ni ya kimwili. Mwili uliopungua hutumia nishati kidogo zaidi: kwa makadirio, kalori 20 hadi 30 pungufu kwa siku kwa kila kilo iliyoondoka. Aliyetoka kilo 92 hadi 76 sasa anahitaji kalori kama 320 hadi 480 pungufu kila siku kuliko alivyohitaji zamani. Akirudi kula alivyokuwa akila, hata bila kuzidisha chochote, uzito utapanda.

Wakati mwingine upungufu huo hupita kiasi ambacho ukubwa wa mwili peke yake ungekieleza. Mwaka 2016, Kevin Hall na wenzake wa taasisi za taifa za afya za Marekani walichapisha vipimo vya watu 14 waliowahi kushiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito. Miaka 6 baada ya shindano, miili yao ikiwa imepumzika ilikuwa inatumia kalori karibu 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Hao walipungua sana na kwa kasi kubwa, kwa hiyo usidhani kila mtu atafikia hapo.

Halafu kuna njaa, na kwa maoni yangu hii ndiyo nzito kuliko zote. Leptini, homoni iliyogunduliwa mwaka 1994, hutengenezwa na mafuta ya mwili na huujulisha ubongo kwamba akiba ipo. Mafuta yakipungua, leptini hushuka, na ubongo huchukulia kwamba kuna upungufu wa chakula. Ghrelini, inayochochea njaa, hupanda. Utafiti wa Melbourne uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mabadiliko haya yalikuwa bado yapo mwaka mmoja baada ya watu kupungua. Hall na wenzake walikadiria pia kwamba hamu ya kula huongezeka kwa takriban kalori 100 kwa siku kwa kila kilo iliyopotea, yaani mara kadhaa zaidi ya upungufu wa matumizi ya nishati. Ndiyo maana huniuma kusikia mtu aliyerudisha kilo akiambiwa hana msimamo. Anapambana na mwili unaodai kurudishiwa akiba yake.

Sasa nini kinasaidia? Mwaka 1994, Rena Wing na James Hill walianzisha nchini Marekani daftari la utafiti, yaani orodha ya watu wanaofuatiliwa, la watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka mzima au zaidi. Wengi wao hujipima uzito walau mara moja kwa wiki, hula kwa mpangilio unaofanana siku za kazi na za mapumziko, na hufanya mazoezi, hasa kutembea, kama saa moja kwa siku. Daftari la aina hii haliwezi kuthibitisha kwamba tabia hizo ndizo chanzo. Ila kuhusu mizani, jaribio la Wing lililochapishwa mwaka 2006 liliunga mkono: waliofundishwa ana kwa ana kujipima kila siku na kuchukua hatua mapema walirudisha kilo chache kuliko wasiofundishwa.

Kwenye mazoezi, kiwango kinachopendekezwa kuzuia kilo kurudi ni cha juu, zaidi ya dakika 250 kwa wiki. Ongeza mazoezi ya kujenga misuli, kama kunyanyua vitu vizito, na protini ya kutosha, maana kupungua huondoa na misuli pia. Toka kwenye dayati taratibu: ongeza chakula kidogo, subiri wiki moja au mbili, angalia mizani, ndipo uongeze tena.

Dawa za kupunguza uzito nazo hazibadilishi ukweli kwamba mwili hudai kurudishiwa akiba yake. Katika utafiti wa semaglutide, mojawapo ya dawa hizo, walioacha dawa walirudisha, kwa wastani, theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja. Anayezitumia apange na daktari wake mapema zitaendelea vipi.

Taarifa za daftari lile zinaonyesha kwamba waliovuka miaka 2 wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea kudumisha uzito wao. Na kama umewahi kuugua matatizo ya ulaji, mizani ya kila siku haikufai. Tumia kipimo cha kiuno au suruali unayoijua, na uwe na mtaalamu wa afya wa kukufuatilia.