Vunja tawi, chomeka? Dhana potofu kuhusu kuzalisha jeraniamu

Ushauri wa jeraniamu unajulikana: vunja tawi, chomeka kwenye udongo, mwagia maji kidogo, basi. Kwa ua lile la vyungu vya dirishani, lenye shina nono na majani yanayonukia ukiyafikicha, ushauri huo ni sahihi kabisa. Kwa jeraniamu sugu za bustani za Ulaya, zile ambazo nyingi hufa majani wakati wa baridi kali na kuchipua tena mwezi Machi, utabaki na kijiti kilichooza. Wanaokosea hutazama ua, wakati kinachotakiwa ni kujua mmea umeweka wapi macho yake ya kuchipulia.

"Zote ni jeraniamu, huzalishwa namna moja"

Ni ndugu wa ukoo mmoja, si mmea mmoja. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliziweka kapu moja mwaka 1753. Mfaransa L'Héritier akazitenga mwaka 1789, na zile za vyungu, ambazo asili yake hasa ni Afrika Kusini, zikaitwa Pelargonium; zile sugu zikabaki na jina la Geranium. Wauza maua hawakujali, na hadi leo zote zinauzwa kwa jina la jeraniamu.

Kuzitambua si kazi. Geranium halisi ina petali tano zinazolingana. Pelargonium petali zake mbili za juu hazifanani na tatu za chini, kwa umbo, ukubwa au madoa. Kwenye aina zilizoboreshwa sana tofauti hiyo hufifia. Hapo tazama shina, maana la Pelargonium ni nene, lina majimaji, na likizeeka huwa gumu kama mti.

Na Geranium halisi si mgeni kwetu. Geranium arabicum huota porini, ikitambaa kwenye nyasi za miteremko ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Usiende kuing'oa lakini; ndani ya hifadhi ni kosa.

"Chagua bua lenye maua, ndilo lenye nguvu"

Bua la maua la jeraniamu sugu ni la msimu mmoja, na aghalabu halina macho ya kuanzisha mmea mpya. Linaweza kukaa kijani kwenye chungu kwa majuma, likikudanganya, kisha likanyauka. Macho yenyewe yako chini, pale majani yanapokutana na mizizi. Ndiyo maana watu wa Uingereza, wanaozipenda mno jeraniamu hizi, huzizalisha zaidi kwa kuzigawa.

Shada lote huchimbuliwa Machi au Aprili, machipukizi yakiwa mafupi kama kidole, au Septemba udongo ukiwa bado na joto. Kung'uta udongo, na kama huoni vizuri suuza mizizi kwenye ndoo. Shada la miaka minne au mitano utalikuta katikati lina kigogo kigumu, cheusi, kilichochoka, na pembeni kimezungukwa na machipukizi yenye afya. Wengi hukihurumia kile kigogo kwa sababu ndicho kikubwa. Kitupe. Kata pembeni kwa kisu kikali, kila kipande kiwe na chipukizi moja au zaidi na mizizi yake yenyewe. Punguza majani makubwa, kwa kuwa yanapoteza maji mengi kuliko mizizi iliyojeruhiwa inavyoweza kuyarudisha, kisha panda kwa kina kilekile cha mwanzo.

Ukitaka vipandikizi, kata chipukizi changa kutoka kwenye shina la chini kabisa, likiwa na kipande kidogo cha shina hilo. Hiki kinataka hewa yenye unyevu. Chupa ya maji iliyokatwa kitako inatosha kukifunika.

"Kila shada linagawanyika"

Hapana. Rozanne, ile ya buluu iliyopewa heshima ya mmea wa karne kwenye maonyesho ya maua ya Chelsea, London, mwaka 2013, hukusanya nguvu zake kwenye shina moja la katikati, na ukiipasua ovyo unaiua. Geranium maderense ya kisiwa cha Madeira ni ngumu zaidi: huchanua mara moja, hutoa mbegu, hufa. Hiyo haigawanywi, inapandwa kwa mbegu tu.

Geranium macrorrhizum, kwa upande mwingine, ni mpole kupita kiasi. Ng'oa kipande cha shina lake nene linalotambaa, hata kama hakina mzizi, kilaze kwenye udongo wenye unyevu, nacho kitashika. Ukiniuliza mtu aanze na ipi, nitakwambia hii.

"Mbegu zitaleta ua lilelile"

Rozanne ni tasa, na Johnson's Blue, aina nyingine ya buluu, vilevile. Anayekuuzia pakiti ya "mbegu za Rozanne" anakuuzia kitu kingine. Aina zinazozaa nazo huchanganyika na majirani, hivyo mtoto anaweza kutoka na rangi yake. Ukitaka kuchuma mbegu, wahi: tunda likikauka, vijiti vyake hujikunja ghafla na kuzirusha mbali. Funga kifuko cha karatasi mapema.

"Kila kipandikizi kifunikwe na kipate maji mengi"

Kwa Pelargonium fanya kinyume. Acha kidonda kikauke kwa saa kadhaa, chomeka kwenye mchanganyiko wenye mchanga mwingi, usifunike. Likifungiwa kwenye unyevu, shina huwa jeusi kuanzia chini. Homoni ya mizizi, dawa ya kuchochea mizizi kutoka, si lazima.

"Mmea mama ukionekana mzima, watoto ni wazima"

Hii ndiyo hatari kuliko zote, na sisi tunahusika. Kenya huuza nje vipandikizi vya Pelargonium, vinavyokwenda kuoteshwa mizizi nchi za baridi. Mwaka 2003 shehena kutoka Kenya ilifika Marekani ikiwa na bakteria wa Ralstonia solanacearum, wa kundi lilelile linaloleta mnyauko kwenye viazi mviringo. Marekani ilikuwa imeshawaweka kwenye orodha ya vimelea vinavyodhibitiwa kwa sheria ya 2002, kwa hiyo mimea mingi ikateketezwa. Kwenye ubaridi mmea huweza kubeba bakteria hao bila kuonyesha dalili yoyote, huku maji yanayotiririka na kisu kinachohama kutoka shina hadi shina vikiwasambaza.

Kwa hiyo futa kisu kwa spiriti kabla ya kuhamia mmea mwingine, mwagilia kila chungu peke yake, na usitumie udongo uliotoka kwenye shamba la viazi au nyanya.