Kundi la WhatsApp na tovuti ya kanisa

Waumini wengi huamini kwamba kanisa lenye kundi la WhatsApp halihitaji tovuti. Kundi lina kazi yake kubwa: tangazo la msiba au mazoezi ya kwaya huwafikia waliomo papo hapo. Ila mgeni aliyehamia mtaani juzi hayumo, na yaliyoandikwa humo hayaonekani mtu anapotafuta kwenye intaneti.

Jaribu mwenyewe. Azima simu ya asiye mshirika, andika jina la kanisa na mtaa, uone kama saa ya ibada ya kwanza inapatikana.

Kama tovuti ipo, uliza anwani yake, tuseme inayoishia .or.tz au .or.ke, imesajiliwa kwa jina la nani. Ikiwa ni la kijana aliyeitengeneza, akihama na ada ya anwani isipolipwa, kanisa linaweza kuipoteza.