Kidole hakiozeshi boga

Wengi tumekua tukionywa: usilinyooshee boga changa kidole, litaoza. Kama huna budi kulionyesha, kunja kidole au tumia ngumi. Na kweli viboga vingi hugeuka njano, hunywea na kudondoka vikiwa na ukubwa wa limau. Ila kidole hakihusiki.

Mmea mmoja wa maboga hutoa maua dume na maua jike. Jike utalijua kwa kiboga kilichokaa chini ya petali. Dume limesimama juu ya kikonyo kitupu. Ua jike hufunguka alfajiri, na ifikapo adhuhuri limeshajifunga, halifunguki tena. Nyuki wasipoleta chavua, ule ungaunga wa njano wa ua dume, katika saa hizo chache, kiboga hakikui. Ndiyo maana masika, mvua ikinyesha asubuhi nzima na nyuki wakajifungia mzingani, viboga hupukutika hata kama hakuna aliyepita karibu navyo. (Wazee huenda walitaka tu watoto wasivichezee, na hapo siwalaumu.)

Kikioza kikiwa kikubwa kidogo, kipasue. Ukikuta funza weupe, huyo ni inzi wa matunda aliyetaga chini ya ganda. Zika vilivyoharibika au vifunge kwenye mfuko, usivitupe shambani.

Kama nyuki ni wachache, amka mapema, chuma ua dume lililofunguka asubuhi hiyo, libandue petali, kisha paka ungaunga wake wa njano katikati ya ua jike. Kidole unaruhusiwa kukitumia.