Wilaya si jimbo: namna ya kusoma matokeo ya ubunge Kigoma

Imezoeleka kusikika kwamba kila wilaya ina mbunge mmoja, na kwamba chama kikiongoza kwa kura za mkoa mzima ndicho kinachobeba wabunge. Sivyo. Mwaka 2015 mkoa wa Kigoma, Tanzania, ulikuwa na wilaya 6 lakini majimbo 8. Wilaya ya Kasulu ilitoa wabunge wawili, wa Mjini na wa Vijijini. Kibondo ilihesabiwa kwa jina la Muhambwe, Kakonko kwa jina la Buyungu. Anayetafuta "Kakonko" kwenye orodha ya majimbo ataikosa bure.

Kura hujazwa kituoni kwenye fomu 21B, ya matokeo ya ubunge, mawakala wa vyama husaini, kisha zinajumlishwa jimboni, na msimamizi wa uchaguzi wa jimbo humtangaza aliyewazidi wenzake. Si lazima apate nusu: kwa 40, 35 na 25 kwa mia, wa 40 ameshinda. Hakuna hatua ya kujumlisha mkoa.

Ndiyo maana mwaka 2010 NCCR-Mageuzi ilipata majimbo manne Kigoma, CCM matatu na CHADEMA moja. Ukitaka asilimia ya chama kwa mkoa, ukajumlisha asilimia zake za majimbo manane ukazigawa kwa nane, utapotoka, maana idadi ya wapiga kura hailingani.

Na kura ya aliyeshindwa si lazima ipotee, jambo linalosahaulika mno: chama kikifikisha asilimia 5 ya kura halali za ubunge nchi nzima, hupata mgawo wa viti maalumu vya wanawake.