Maumivu ya Mgongo Baada ya Kujifungua na Nafasi ya Tiba ya Kairopraktiki

Miongoni mwa malalamiko tunayoyapokea katika vyumba vya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi na mikono, la mama aliyejifungua ambaye mgongo haumpi raha ni moja ya yale yanayofika kwa kuchelewa mno. Mama huyo huwa amekwisha kuambiwa na watu wake wa karibu kwamba uzazi ndivyo ulivyo, avumilie mpaka arobaini ipite. Arobaini ikipita huambiwa asubiri mtoto aanze kukaa. Na siku anapofika kwetu mtoto anatambaa, naye bado hainuki kitandani bila kujishikiza. Siku hizi limeongezeka na jambo jingine. Video za mtu aliyelazwa kifudifudi, akikandamizwa kwa ghafla mpaka mgongo ukaalika, zimeenea katika simu zetu, na wazazi wengi wanauliza kama tiba hiyo, iitwayo kairopraktiki, itawafaa. Ni swali la haki, na linastahili jibu kamili. Hata hivyo, jibu haliwezi kuanzia kwenye mikono ya mtoa tiba kabla ya kujua maumivu yenyewe yanatoka wapi.

Wakati wa ujauzito mwili hutoa homoni, ikiwemo relaksini, zinazochangia kulegeza kano zinazofunga maungio ya nyonga ili mtoto apate njia ya kupita. Mwanamke aliyekuwa na uzito wa kawaida kabla ya mimba hutarajiwa kuongezeka takribani kilo 11 hadi 16, na kwa kuwa tumbo hukua kuelekea mbele, mgongo hulazimika kuubeba mzigo huo kwa namna ambayo haujauzoea. Misuli miwili ya tumbo inayoshuka wima kutoka mbavuni hadi kwenye kinena huachana katikati, na utando unaoiunganisha hutanuka na kulegea. Mtoto akishazaliwa, uzito wa mimba huondoka kwa sehemu kubwa, lakini misuli na utando huo havirudi mahali pake siku hiyo hiyo, na kwa baadhi ya wanawake havirudi vyenyewe hata baada ya miezi kadhaa. Kwa hiyo mama anaanza kazi nzito ya kulea akiwa na mgongo ambao walinzi wake wa mbele, yaani misuli ya tumbo, na wa chini, yaani misuli ya sakafu ya nyonga inayoshikilia kibofu na kizazi kutoka chini, bado ni dhaifu.

Na kazi yenyewe si ndogo. Mama anainama kufua nepi kwenye beseni lililowekwa chini, anainama tena kufagia kwa ufagio mfupi, anachuchumaa kwenye jiko la mkaa, anabeba ndoo, kisha anaketi pembeni ya kitanda usiku akinyonyesha huku amejikunja, shingo imeinama na mgongo hauna pa kuegemea. Kunyonyesha peke yake huchukua saa kadhaa kila siku katika wiki za mwanzo, na mimi naamini kwamba mkao wa kunyonyesha huumiza migongo mingi kuliko uchungu wa uzazi ulivyowahi kuiumiza.

Imani moja inahitaji kusemewa waziwazi kwa sababu inawatia hofu wanawake wanaohitaji upasuaji. Wengi wanaamini kwamba sindano ya ganzi ya mgongoni huharibu mgongo maisha yote. Ni kweli kwamba pale sindano ilipoingia panaweza kuuma kwa siku chache, na baadhi ya wazazi hupata maumivu makali ya kichwa yanayozidi wanapoketi au kusimama na kupungua wanapolala, hali ambayo ina tiba na inapaswa kuripotiwa hospitalini mara moja. Lakini tafiti zilizowafuatilia wanawake kwa muda mrefu hazikuonyesha kwamba ganzi hiyo husababisha maumivu ya mgongo ya kudumu. Waliojifungua kwa njia ya kawaida bila sindano yoyote nao huumwa mgongo, na sababu kubwa ni zile zile za misuli, kano na mizigo. Mama anayeamini kwamba ameharibiwa na sindano huacha kufanya mazoezi kwa kudhani hayatamsaidia, na hapo ndipo hasara ilipo.

Katika uchunguzi, jambo la kwanza ni kutofautisha maumivu ya kiuno na maumivu ya nyonga. Ya kiuno hukaa kati ya ubavu wa mwisho na mahali pa kufungia mkanda. Ya nyonga hukaa chini zaidi, kwenye vile vishimo viwili vilivyo juu ya matako, au mbele kwenye kinena, na huzidi mama anapogeuka kitandani, anapopanda ngazi au anaposimama kwa mguu mmoja ili avae nguo. Kipo kipimo kimoja kisichohitaji mashine yoyote. Mama hulala chali, miguu imenyooka, na kuombwa ainue mguu mmoja kiasi cha sentimita 20 bila kukunja goti, kisha aseme mguu ni mzito kiasi gani. Wengine hushindwa kabisa kuunyanyua, ingawa mguu wenyewe hauna ugonjwa. Mtaalamu huweka viganja viwili pande zote za nyonga, akaibana kuelekea katikati, na kumwomba mama arudie. Ikiwa mguu unapanda kwa wepesi safari hii, tunajua kwamba nyonga haishikiliwi vya kutosha na misuli yake, na kwamba tiba itakayomfaa mama huyo ni ya kuijenga misuli hiyo. Nimeona nyuso za wazazi zikibadilika wakati wa kipimo hiki, kwa sababu ndiyo mara yao ya kwanza kuona kwamba maumivu yao yana maelezo.

Sasa tuje kwenye kairopraktiki. Tiba hii ilianzishwa mwaka 1895 na Daniel David Palmer katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa nchini Marekani. Palmer aliamini kwamba magonjwa mengi hutokana na pingili za uti wa mgongo kukaa vibaya na kubana mishipa ya fahamu. Imani hiyo kwa upana wake haikuthibitika, lakini ufundi wa mikono uliotokana nayo uliendelea kuchunguzwa na leo unatumiwa pia na baadhi ya wataalamu wa fiziotherapia. Katika ufundi huo mtoa tiba hukifikisha kiungo mwisho wa mwendo wake, kisha hukisukuma kwa kasi na kwa umbali mdogo sana. Mlio unaosikika unahusiana na gesi iliyoyeyuka katika ute wa kiungo, na haumaanishi kwamba mfupa uliokuwa umehama umerudi mahali pake. Mama anayeambiwa kuwa nyonga yake imetoka na itarudishwa kila wiki anapewa maelezo yasiyo sahihi, tena yanayomfanya auogope mwili wake mwenyewe.

Je, inasaidia? Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya kiuno kwa watu wazima, na ndani yake tiba ya kusukuma viungo vya mgongo kwa mikono imo miongoni mwa njia zinazoweza kutolewa, pamoja na elimu, mazoezi na kuchuliwa. Mwongozo huo huo haupendekezi mikanda ya kiuno wala kuvutwa kwa uti wa mgongo kama tiba ya kawaida ya maumivu hayo. Kwa wanawake waliotoka kujifungua hasa, tafiti zilizopo ni chache na zilihusisha watu wachache. Baadhi zinaonyesha nafuu, lakini hazitoshi kudai kwamba tiba hii inashinda mazoezi. Msimamo wangu, kwa kuzingatia ushahidi huo na ninayoyaona kazini, ni kwamba mikono inaweza kumpunguzia mama maumivu kwa muda, na muda huo una thamani ikiwa utatumika kuanzia mazoezi. Mama akipata nafuu Jumatatu, akarudi kwenye beseni lile lile na mkao ule ule wa kunyonyesha, Alhamisi atakuwa pale alipokuwa.

Usalama ndio unaopaswa kutangulia. Mgongo wa mzazi haupaswi kusukumwa kwa nguvu kabla ya kuondoa shaka kuhusu hali ambazo zinaweza kujificha nyuma ya maumivu ya kawaida. Katika nchi zetu kifua kikuu kingalipo, na kinaweza kushambulia pingili za mgongo taratibu, kikileta maumivu yasiyopungua hata usiku, homa za jioni, kutokwa jasho usiku na kupungua uzito; pingili iliyoliwa na ugonjwa huo ikisukumwa inaweza kuporomoka. Katika jamii za wafugaji wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa, homa inayokuja na kuondoka pamoja na maumivu ya mgongo inaweza kuwa brusela, maambukizi yatokayo kwa mifugo. Ipo pia hali adimu ambapo mifupa ya mama hupungua uimara mwishoni mwa ujauzito au wakati wa kunyonyesha, na pingili huvunjika kwa jambo dogo kama kumnyanyua mtoto. Dalili yake ni maumivu makali ya ghafla ambayo mama anaweza kutaja saa yalipoanza. Mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu, anaweza kudhani ni mgongo wa uzazi kumbe ni maumivu ya mifupa ya ugonjwa wake. Mama anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda naye asisukumwe. Na shingo ya mzazi, kwa maoni yangu, isizungushwe kwa nguvu kabisa, kwa sababu kipindi cha baada ya kujifungua chenyewe kinaongeza uwezekano wa kuchanika kwa ukuta wa mishipa ya damu ya shingoni, jambo ambalo, ingawa ni nadra, linaweza kuleta kiharusi.

Zipo dalili ambazo mama hapaswi kusubiri nazo miadi ya mtu yeyote, bali aende hospitali siku hiyo hiyo: homa pamoja na maumivu ya mgongo, hasa maumivu yakiwa upande mmoja chini ya mbavu au majimaji ya ukeni yakiwa na harufu mbaya, mguu unaoishiwa nguvu, ganzi katika sehemu za siri na mapaja ya ndani, kushindwa kukojoa, au mkojo na haja kubwa kutoka bila kujijua, na mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, hali ambayo inaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa.

Desturi zetu za uzazi nazo zinahitaji kuzungumzwa kwa heshima, kwa sababu bibi na shangazi wanaomhudumia mzazi wanafanya hivyo kwa upendo. Kukandwa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu mgongoni huleta faraja na hakuna ubaya, lakini maji ya moto sana huunguza, na kidonda cha upasuaji kisikandwe kamwe. Kanga ikifungwa chini, ikazunguka nyonga usawa wa mifupa ya pembeni, inaweza kumpa nafuu ya muda mwenye maumivu ya nyonga anapotembea. Ikikazwa sana juu ya tumbo siku nzima, msukumo hushuka kwenye sakafu ya nyonga ambayo bado ni dhaifu, na misuli ya tumbo haipati kazi inayohitaji ili irudi.

Mazoezi huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Siku ya kwanza, hata baada ya upasuaji, mama anaweza kuvuta pumzi kwa kina na kuchezesha vifundo vya miguu, na mara wauguzi wanapomruhusu, kutembea hatua chache. Kuamka kitandani kuwe kwa kugeuka ubavu kwanza, kushusha miguu, kisha kujisukuma kwa mkono. Linalofuata ni zoezi la kubana misuli ya sakafu ya nyonga, kama mtu anayezuia mkojo na hewa ya tumboni kwa pamoja, akishikilia kwa sekunde chache huku akiendelea kupumua, kisha akiachia kabisa. Halafu, akiwa amelala chali na magoti yamekunjwa, anatoa pumzi polepole huku akivuta sehemu ya chini ya tumbo kuelekea ndani. Maumivu na kidonda vikiruhusu, anaongeza kunyanyua makalio kutoka kitandani na kutembea kila siku, akilenga taratibu kufikia dakika 150 kwa wiki. Zoezi la kulala chali na kuinua kifua kwa nguvu lisifanywe mapema; tumbo likichomoza katikati wakati wa kuinua kichwa, misuli bado imeachana na mama anahitaji kuonwa.

Nyumbani, beseni liwekwe juu ya stuli au meza, ufagio upate mpini mrefu, na mzazi anaponyonyesha mgongo uegemee ukuta, mto uwekwe mapajani, na mtoto apandishwe kwenye titi badala ya titi kushushwa kwa mtoto. Parasetamo na ibuprofeni kwa dozi sahihi zinaweza kutumiwa na mama anayenyonyesha, ila mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au shinikizo la damu amwulize kwanza mhudumu wa afya.

Shirika la Afya Duniani linashauri mama aonwe tena kati ya saa 48 na 72 baada ya kujifungua, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita. Mahudhurio haya mara nyingi huisha kwa kumpima mtoto uzito na kumchanja. Mama ataje mgongo wake hata kama hakuulizwa, na aombe rufaa ya fiziotherapia ikiwa maumivu hayapungui ifikapo wiki ya sita. Anayeamua kwenda kwa mtaalamu wa kairopraktiki aombe kwanza kuona cheti na usajili wake, kwa kuwa miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2005 inataka mafunzo kamili yasiyopungua saa 4,200 katika miaka minne, na barani Afrika yanatolewa katika vyuo vikuu vichache, kikiwemo Chuo Kikuu cha Johannesburg na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban. Aende na kadi yake ya kliniki, aeleze alivyojifungua na dawa anazotumia, na ikiwa hakuulizwa lolote kuhusu homa, mkojo, ganzi au miguu kabla ya kuambiwa apande kitandani, ana haki ya kuondoka.